Swali la Mlangoni

Darasa la tatu, kipindi cha Hisabati, mada ni kutoa kwa kukopa. Zimebaki dakika tano rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini igongwe. Mwalimu anafuta ubao, anaandika hesabu moja tu, 52 − 28, na kila mtoto anaifanya kwenye kipande cha karatasi kisichozidi robo ya ukurasa wa daftari. Jina juu, hesabu chini. Akimaliza anakikabidhi mlangoni na kwenda zake kucheza. Darasa likishabaki tupu, mwalimu ana vikaratasi themanini na ushee mkononi. Vingi vina 24. Fungu la pili kwa ukubwa lina 36. Vipo vya 34, vipo vichache vya 80, viwili vya 30, na kimoja kina 710.

Asiyefundisha ataona hapo mafungu mawili: waliopata na waliokosa. Mwalimu aliyezoea kusoma vikaratasi hivyo anaona zaidi, kwa sababu kila jibu linaonyesha njia iliyopitwa. Aliyeandika 36 hajakopa kabisa. Kwenye mamoja amekutana na 2 na 8, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 6, makumi yakampa 3. Huyu si mzembe. Anafuata kwa uaminifu maneno aliyoambiwa darasa la kwanza, kwamba huwezi kutoa namba kubwa kwenye ndogo. Aliyeandika 34 amekopa vizuri, 12 toa 8 ni 4, ila kumi aliyoikopa hakuipunguza kule ilikotoka, 5 ikabaki 5. Wa 30 alifika kwenye 2 toa 8, akaona haiwezekani, akaweka sifuri na kuendelea na safari. Wa 80 amejumlisha, pengine alama hakuitazama. Wa 710 naye amejumlisha, na ana la ziada: 2 na 8 ni 10, akaiandika 10 nzima chini ya mamoja. Deni lake ni la mada ya zamani kabisa.

Kulirudia somo zima kwa darasa zima kesho yake hakutawafaa hata hawa waliokosa. Wa 34 anahitaji kushika mafungu ya vijiti, afungue fungu moja kwa mikono yake, aone kwamba yaliyobaki ni manne na siyo matano. Wa 80 anahitaji kuulizwa tu, "Hebu nisomee alama hii." Wa 36 ndiye mwenye kazi ndefu, maana kosa lake ni imani, na imani haiondoki kwa kuambiwa mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa tubadilishe tarakimu moja. Tuseme mwalimu aliandika 52 − 27. Jibu sahihi ni 25. Asiyekopa atasema 7 toa 2 ni 5, makumi 3: 35. Aliyekopa akasahau kupunguza atasema 12 toa 7 ni 5, makumi 5 toa 2 ni 3: 35. Watoto wawili wenye shida mbili tofauti wameleta jibu lile lile, na mwalimu hana namna ya kuwatenga. Hutokea hivyo kila mara tofauti ya tarakimu za mamoja inapokuwa 5: 2 na 7, 3 na 8, 4 na 9, 1 na 6, 0 na 5. Kwa macho ya haraka 52 − 27 na 52 − 28 ni hesabu pacha. Kwa kazi hii moja inasema na nyingine ni bubu.

Hapo ndipo ulipo ufundi wote wa swali la mlangoni, na ndiyo sababu naona waalimu wengi wanaojaribu mbinu hii huichoka baada ya wiki chache. Wanaandika swali lolote lililo karibu, kwa kawaida namba ya mwisho ya zoezi la kitabuni, halafu wanahesabu waliopata. Kumbe swali zuri huanza kuandikwa kutokea kwenye makosa. Kabla ya kipindi mwalimu anajiuliza: katika mada hii mtoto anaweza kupotea njia ngapi? Kisha anatafuta namba ambazo kila njia ya upotevu itaishia mahali pake. Kazi hiyo huchukua dakika kumi kwa mwalimu mgeni wa mada, na dakika moja kwa aliyeizoea, kwa kuwa makosa ya watoto hayana wingi tunaoudhania.

Hilo la mwisho limefanyiwa utafiti mzito. Mwaka 1978 Wamarekani John Seely Brown na Richard Burton walichapisha uchambuzi wa namna watoto wanavyokosea kutoa, wakitumia kompyuta kuyapanga makosa hayo. Walichoonyesha ni kwamba mengi si ya kubahatisha. Mtoto ana utaratibu wake wenye hitilafu, na anaufuata bila kuyumba, hesabu baada ya hesabu, kama mwenzake anavyoufuata ulio sahihi. Walitengeneza hata mchezo, uitwao BUGGY, ambamo kompyuta ilijifanya mwanafunzi mwenye hitilafu fulani na mwalimu mwanafunzi alipaswa kuigundua kwa kumpa maswali. Natamani vyuo vyetu vya ualimu vingekuwa na kitu cha namna hiyo, hata cha karatasi. Mpe mwanachuo majibu mawili ya 402 − 158, moja 154 na jingine 344, mwambie asimulie kila mtoto alifikiri nini. (Wa kwanza aliiruka sifuri, mara zote mbili akakopa moja kwa moja kwenye mamia. Wa pili aliigeuza sifuri kuwa 9 bila kuchukua chochote kwenye 4. Jibu ni 244.) Atakayeweza kusimulia hivyo yuko tayari kuingia darasani kuliko aliyekariri hatua za somo.

Tunachokitumia siku zote badala ya haya yote ni neno moja. "Mmeelewa?" "Ndiyooo, mwalimu!" Kiitikio hicho tumekirithi, na watoto hukiimba hata mwalimu akiwa bado hajamaliza sentensi. Si uongo wao. Katika darasa la watoto wengi, wa kusema "sijaelewa" lazima asimame peke yake mbele ya wenzake na mbele ya mwalimu mwenye haraka, na mtoto wa miaka minane anajua gharama ya kusimama huko. Tunapomchagua mmoja aje ubaoni, tunamchagua aliyenyoosha kidole, na aliyenyoosha kidole ni yule yule wa jana. Tumepima kilele cha darasa tukadhani tumepima darasa.

Andalio la somo linatutaka tujaze tathmini mwishoni. Sote tunajua sentensi inayojazwa pale: wanafunzi wengi wameelewa somo, asilimia themanini. Na sote tunajua kwamba mara nyingine sentensi hiyo huandikwa usiku wa kuamkia somo lenyewe.

Mwaka 1967 Michael Scriven alitenganisha tathmini za aina mbili: ile inayofanywa kazi ikiendelea ili kuirekebisha, na ile inayofanywa kazi ikishakwisha ili kuitolea hukumu. Shule zetu zina wingi wa hiyo ya pili. Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne hufanyika kuelekea mwisho wa mwaka, na matokeo yanapotoka mtoto anaingia darasa la tano. Alichokosea kwenye kutoa kwa kukopa amekwenda nacho, na hakuna mwalimu wa darasa la tano mwenye nafasi ya kukirudia. Wapimaji wa Uwezo, mpango wa kupima ujifunzaji wa watoto, walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda na maswali ya kiwango cha darasa la pili, walikutana na watoto wengi wa madarasa ya juu wasioweza kuyafanya. Mlundikano wa namna hiyo hauji siku moja. Huingia kipindi kimoja kimoja, kila siku darasa likiitikia ndiyo.

Nirudi kwenye kuandika swali, maana huko ndiko kwenye utajiri. Chukua desimali za darasa la tano. Mwalimu anauliza ipi kubwa, 0.75 au 0.4. Karibu wote wanapata, naye anaridhika. Lakini wapo wanaosema 0.75 kwa sababu 75 ni kubwa kuliko 4. Wanazisoma tarakimu za baada ya nukta kana kwamba ni namba nzima, na swali limewapitisha bila kuwagusa. Akiuliza 0.35 na 0.5 atawanasa hao, ila atawapitisha wengine: wale walioshika kwamba sehemu za mia ni ndogo kuliko sehemu za kumi, wakahitimisha kuwa desimali fupi daima ndiyo kubwa. Hao watasema 0.5 na watapata vema, kwa sababu isiyo sahihi. Suluhisho ni swali moja lenye namba tatu: panga kuanzia ndogo 0.5, 0.35 na 0.62. Anayesoma namba nzima ataziacha zilivyo. Anayependa fupi atapanga 0.35, 0.62, 0.5. Aliyeelewa atapanga 0.35, 0.5, 0.62. Watoto watatu, mipangilio mitatu, na kusahihisha ni kutupa jicho tu.

Au alama ya sawasawa, ambayo hakuna anayehangaika kuifundisha kwa sababu inaonekana haina la kufundisha. Andika 8 + 4 = ☐ + 5 mbele ya watoto waliokwisha kujumlisha mamia kwa mamia. Wengi watajaza 12, kwa kuwa kwao alama ile maana yake ni "sasa weka jibu". Wengine watajumlisha kila wanachokiona na kuweka 17. Watafiti Falkner, Levi na Carpenter walipochapisha matokeo yao huko Marekani mwaka 1999, kati ya watoto 145 wa darasa la sita hakuna hata mmoja aliyeandika 7. Nawashauri waalimu wa darasa la nne waijaribu hesabu hiyo kabla ya kuwacheka Wamarekani.

Kwa wadogo zaidi hata hesabu haihitajiki. Sema kwa sauti, "Andika mia nne na mbili," kisha tazama ni wangapi wameandika 4002. Mtoto amesikia mia nne akaandika 400, akasikia mbili akaiongeza pembeni. Thamani ya nafasi haijaingia, na kila kitakachojengwa juu yake kitayumba. Sehemu nazo: usiulize ipi kubwa kati ya 1/4 na 3/4, uliza 1/4 na 1/3, ambapo wanaoangalia ukubwa wa asili peke yake watajitokeza wenyewe.

Lakini yapo yasiyonaswa na swali fupi, na hadithi ya Benny yatosha kutushusha mabega. Mwaka 1973 Stanley Erlwanger alichapisha mahojiano yake na mtoto wa miaka 12 huko Marekani, aliyempa jina hilo. Benny alisoma kwa mpango ambao kila mtoto alijifunza peke yake na kupimwa kwa majaribio mengi mafupi, kupita au kutopita, na alikuwa miongoni mwa wanaofanya vizuri. Erlwanger alipokaa naye na kumwuliza anafikirije, aligundua kwamba kwa Benny 2/10 kwa desimali ni 1.2, 5/10 ni 1.5, na 4/11 na 11/4 zote mbili ni 1.5. Alijumlisha namba ya juu na ya chini kisha akatafuta pa kuweka nukta. Majibu yake yasipolingana na ya kitabu cha majibu, alibuni kanuni nyingine hadi yalingane, na hisabati aliiona kama mchezo wa kubahatisha kanuni za watu wengine. Majaribio mafupi hayakumkosa Benny kwa bahati mbaya tu. Yalimfundisha kuwa hivyo, kwa kuwa yalichotaka ni jibu na siyo njia.

Kwa hiyo kikaratasi kiwe na nafasi ya mstari mmoja chini ya hesabu: mchoro, vijiti vilivyochorwa, au maneno matatu. Mtoto wa darasa la pili haandiki maelezo, lakini anachora mafungu ya kumi bila shida. Na kila siku mwalimu akae dakika mbili na mtoto mmoja tu aliyepata, amwulize, "Umefikaje hapa?" Aliyepata, narudia. Aliyekosa keshajieleza.

Kuhusu wingi wa wanafunzi. Kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na msomaji wa sura hii huenda ana mara mbili yake. Nimesikia mara nyingi kwamba mbinu hii ni ya shule za watoto thelathini, nami nasema ni kinyume chake. Mwenye thelathini anaweza kuwapitia wote mezani kwao wakati wa zoezi. Mwenye tisini ndiye asiye na njia nyingine ya kumsikia mtoto wa dawati la nyuma. Ila asisahihishe. Kalamu nyekundu iachwe mezani. Vikaratasi vinagawanywa katika mafungu kwa jibu lake tu, kama mchele unavyochambuliwa kwenye ungo, na tisini vinaisha ndani ya dakika sita au saba ukiwa umesimama. Fungu la vema linawekwa kando. Katika mafungu ya makosa, soma viwili au vitatu kila moja kuthibitisha njia, basi.

Karatasi zikiwa shida, na mara nyingi ni shida, kuna mbao ndogo za chaki, kuna mchanga wa uwanjani, kuna vidole. Andika majibu manne ubaoni, uyape namba 1 hadi 4, waambie wafumbe macho na kila mmoja aweke vidole vyake kifuani. Kufumba macho ni lazima, la sivyo darasa zima litapiga chabo kwa yule anayejulikana kwa hesabu na utapata jibu lake mara tisini. Vidole vina upungufu kwamba havibaki hadi jioni, na mwenye kubahatisha ana nafasi moja kati ya nne. Kwa darasa la kwanza na la pili vinatosha sana.

Chabo chenyewe kina chanzo. Mtoto huiba jibu pale jibu lake mwenyewe linapomgharimu. Kama kikaratasi cha 36 kitamletea kiboko asubuhi, au jina lake likisomwa mbele ya wenzake, kesho hutaona tena 36 popote, na utafurahi bure. Hata alama zina madhara yake. Ruth Butler, katika utafiti wake wa mwaka 1988 nchini Israeli, aliwapa watoto wengine maoni ya maandishi juu ya kazi zao, wengine alama, wengine vyote viwili. Walioendelea vizuri ni waliopata maoni peke yake. Waliopewa alama pamoja na maoni walifanana na wale wa alama tupu, maana ukishaiona alama yako maoni huyasomi. Kwa hiyo swali la mlangoni halina alama, haliingii kwenye rekodi ya maendeleo, wala mwalimu wa taaluma haoni chochote cha kujumlisha. Jina linaandikwa kwa ajili ya mafungu tu.

Asubuhi yake mwalimu anaandika ubaoni majibu mawili ya makosa bila majina, anauliza: "Aliyepata hivi alikuwa anawaza nini?" Siyo nani kakosea. Watoto hupenda kazi hiyo kuliko nilivyotarajia watu wa umri ule wangeipenda, na mara kwa mara mwenye kosa ndiye anayeinua mkono kulieleza, kisha anajishika mdomo katikati ya maelezo.

Tahadhari moja inayosahaulika: swali la mwisho wa kipindi linapima kilicho bado moto. Mtoto anaweza kupata 24 saa nne asubuhi kwa sababu mifano mitano ilikuwa ubaoni dakika ishirini zilizopita, na wiki ijayo akaandika 36. Mwanasaikolojia Robert Bjork amehimiza kwa miaka mingi kwamba kufanya vizuri leo ni jambo moja na kujifunza ni jingine. Basi mara moja kwa wiki swali lisiwe la somo la siku hiyo. Liwe la wiki mbili nyuma, bila onyo. Mafungu ya siku hiyo huwa yanauma, na ndiyo ya kuaminika zaidi.

Linabaki azimio la kazi, ambalo linasema kesho ni kugawanya, iwe isiwe. Kipimo changu, ambacho kila mwalimu atakirekebisha kwa darasa lake, ni hiki: wakikosa chini ya mmoja kati ya watano, songa mbele na uwakusanye wachache hao wenzao wakiwa kwenye zoezi. Wakikosa zaidi ya nusu, somo ndilo lililokosea, lirudiwe kwa zana nyingine. Katikati ya hapo, kata dakika kumi za mwanzo wa kipindi cha kesho kwa ajili ya kosa lililotia fora, moja tu, kisha endelea na ratiba. Mthibiti ubora akija na kuuliza kwa nini mmechelewa mada, pale kwenye nafasi ya tathmini kuwe na kitu cha kumwonyesha, mathalani: "Wanafunzi 27 wamepanga 0.5, 0.35, 0.62. Wanafunzi 6 wamepanga 0.35, 0.62, 0.5. Kesho dakika kumi: ukanda wa mita moja, waoneshe sentimita 50, 35 na 62. Swali la kutokea: 0.7, 0.48, 0.81."